Mbao Zake, Kitambaa Changu

2 Februari

Wewe mtoto,

Akili umezianika wapi? Salamu utazikuta chini, kwanza nikuseme.

Jana nimekaa uani najaza mto, sufi imenifika mpaka kwenye nyusi, akaja yule muuza vitambaa anayezunguka huku na huko kwenu. Hata mzigo hajatua, ananiambia mbele ya wateja wangu kwamba kawaona wewe na mumeo mnatoka kwa wakili na makaratasi ya kugawana mali. Tena anacheka. Wateja wakanitazama kama nimewauzia godoro lenye kunguni. Nikamwambia kawafananisha. Akasema hajafananisha, binti alikuwa na kile kikovu cha pasi mkononi. Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza.

Sasa niambie. Mumeo kakupiga? Kaoa mwingine? Kama ni hivyo sema, miguu ya kuja ninayo. Kama si hivyo, mnagawana nini? Watu wanagawana wakiachana. Ninyi mnalala kitanda kimoja, mnakula sahani moja, halafu mnakwenda kumlipa mtu awaandikie nani abaki na kijiko na nani abaki na sufuria. Huko ni kumshonea sanda mtu ambaye bado anacheza.

Na cherehani? Kile kizito cha kushonea ngozi nilikupa mimi, siku unaondoka hapa, na wanaume waliokibeba walinilaumu mpaka wakafika barabarani. Sikumpa seremala. Nilikupa wewe. Kama jina lake limeandikwa hata kwenye pedali, nitajua la kufanya.

Haya, hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Babu yako mzima pia, yuko chini ya baiskeli ya mtu anatafuta msumari uliotoboa. Anakusalimu na anakuita mchumba wake kama kawaida. Nimemwambia mchumba wake kapotea.

Choma hayo makaratasi, kisha unijibu.

Bibi yako


9 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ni ya huo mgongo. Kifua changu kimepona kabisa. Mume wangu anakuamkia pia. Hajanipiga, hajaoa, wala hana nafasi ya kuoa, kwa sababu tangu tupate kazi ya maktaba analala na vumbi la mbao masikioni. Tumepewa viti vyote vya chumba cha kusomea cha maktaba mpya, vile vya mtu kukaa akazama. Mbao zake, kitambaa changu. Tukivimaliza kwa wakati, karakana yetu imesimama. Tukichelewa, wamesema watampa fundi mwingine.

Sasa hayo makaratasi. Yanaitwa mkataba wa mali wa mume na mke. Wengine wanauandika kabla ya ndoa, lakini hata walio ndani ya ndoa wanaandika, kama sisi. Unasema kipi ni cha mke, kipi ni cha mume, kipi ni cha wote wawili, na kile cha wote hakuna anayekitoa mpaka mwenzake akubali. Hatuachani, Bibi. Tunaandika ili tusifikishane huko.

Unajua mtaani wanamwitaje mume wangu? Chukua. Mtu akisifia kitu chochote anaambiwa, "Chukua tu." Kabla ya mwaka kuisha nilirudi kutoka kununua uzi nikakuta sebule tupu. Kochi letu la kijani, lile nililolishona nikiwa na homa, lilikuwa limekwenda kwa rafiki yake aliyekuwa na wageni wa posa. Mpaka leo tunakalia ndoo. Randa yake nzuri kampa jirani. Na mlango, Bibi. Tulikuwa na mlango wa jikoni. Siku hizi kuna pazia.

Sasa kaka yake mkubwa anataka kuanza kushona mabegi, na amekiomba cherehani. Mume wangu akamjibu, "Tutaona." Kwa watu wengine hilo ni jibu la kuvuta siku. Kwa Chukua ni kusema leta gari.

Nilinuna. Asubuhi yake akavuta ndoo akakaa mbele yangu, akasema, "Mke wangu, mdomo wangu haujui kukataa. Tuandike kitu kinisaidie." Yeye ndiye aliyemtafuta wakili, si mimi.

Sehemu ya kuachana ipo, sikufichi. Wakili ni mama mmoja mpole, alituuliza siku ikitokea tumeachana nani achukue nini. Mume wangu akasema mke achukue vyote. Yule mama akaweka kalamu chini, akamwambia, "Baba, huo ndio ugonjwa uliowaleta hapa." Tulicheka mpaka karani wake akaja kuchungulia.

Kimebaki kitu kimoja. Wakili anataka kila mmoja wetu alete shahidi kutoka kwao, mtu aliyeuelewa mkataba, ili kesho asitokee wa kusema mke alilazimishwa au mume alilogwa. Mimi kwetu ni wewe. Njoo unisainie, Bibi.

Mjukuu wako


15 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba, na nimefurahi kifua kimekuachia. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika. Nikairudia, nikakasirika vizuri.

Kumbe yeye ndiye kamtafuta wakili. Na wewe umekaa juu ya ndoo unafurahi. Mtu wa kugawa makochi kama maji ya kunywa, leo kaamka anataka mambo yaandikwe? Mimi wanaume nimewaona wengi, wewe umemwona mmoja. Anayetaka kukuacha haanzi na ngumi. Anaanza na upole na karatasi. Eti mke achukue vyote. Hata Babu yako, ambaye hadanganyi kwa sababu haongei, hawezi kusema neno kama hilo.

Na hakuna mtu asiyejua kukataa. Mtoto hajaota meno anakataa uji. Babu yako nikimwambia akamwage takataka anakataa bila kufungua mdomo. Huyo wako anakufanya mjinga.

Kwa hiyo sisaini. Na cherehani kinarudi nyumbani kabla hakijaandikwa na mtu. Babu yako kapata lifti kwenye lori la mchanga linalokuja huko. Nimemwambia asigombane, akifika aombe kwa heshima zote, aseme naomba kile cherehani cha bibi. Mumeo atamfukuza, na hapo ndipo utakapomjua.

Nawe funga nguo zako. Chumba chako nimekifagia.

Bibi yako


20 Februari

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako una nafuu, maana wangu umevunjika.

Barua yako imefika leo. Babu alifika juzi. Mimi nilikuwa kwa mteja napima madirisha yake, nikarudi nikakuta mahali pa cherehani pana alama za miguu yake kwenye vumbi, basi. Nikauliza kiko wapi. Mume wangu, uso umetulia kama mtu aliyetoka kuoga, akasema, "Babu kaomba."

Kaomba, kapewa. Ulisema atafukuzwa. Jirani yetu muuza mkaa aliona yote na kanisimulia huku anajifuta machozi ya kicheko. Mume wangu alimkaribisha Babu chai na mkate. Akakipaka cherehani mafuta kisikauke njiani. Akakizungushia blanketi letu. Kamba ilipopungua akavua mkanda wa suruali yake, akakazia nao. Lori lilipoondoka alikuwa anapunga kwa mkono mmoja, kwa mwingine ameshikilia suruali.

Nikamuuliza, na viti vya maktaba? Nikaona kabisa neno linavyomwingia. Akakaa kwenye ndoo, akashika kichwa.

Fremu zote ziko tayari, zimeegemea ukuta, uchi, kama wagonjwa wanaongoja daktari. Ngozi bandia ya kufunikia viti ni nene, kwa mkono haiendi. Nimejaribu mpaka vidole vimechubuka. Nimekwenda kuazima cherehani cha fundi viatu, kimekula uzi kikakata tamaa.

Sikasirikagi na wewe, Bibi, unanijua. Leo nimekasirika. Ulitaka kumjua mume wangu, umemjua. Rudisha cherehani.

Mjukuu wako


25 Februari

Mke mwenzangu,

Usinipandishie sauti kwenye karatasi, naisikia. Mimi mzima, mgongo tu bado unauma nikipanda kitandani. Vidole vipake mafuta ya mgando, uvifunge kwa kitambaa safi, wala usijifanye shujaa.

Babu yako kashuka hapa na cherehani, blanketi, mkanda, mkate na salamu nyingi. Nikamuuliza seremala alisema nini. Akafikiri, unamjua anavyofikiri, baiskeli nzima ingeshafungwa. Akasema, "Alisema chukua tu." Hakununa? Hakununa. Hakuuliza kwa nini? Aliuliza kama nimeshiba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimeletewa mkanda wa suruali. Cherehani nimekiweka chumbani kwako na kila nikipita naona kama kinanitazama. Lakini bado sijaamini. Mtu anaweza kutoa cha mke wake kwa sababu hakimuumi. Tuone cha kwake. Mwambie Bibi anataka benchi lake la kazi, lile la mti mgumu aliloachiwa na fundi aliyemfundisha. Seremala hatoi benchi lake. Akilitoa, basi ama kachanganyikiwa au kweli anaumwa huo ugonjwa aliousema wakili.

Jibu upesi. Cherehani hakiendi popote.

Bibi yako, ambaye hajasema kakosea


4 Machi

Bibi,

Shikamoo, na pole mapema kwa mzigo unaokuja.

Sikumwambia. Barua yako niliificha chini ya sponji. Yeye akaenda kukata sponji, akaiona. Nilipotoka dukani benchi lilikuwa limeshapakiwa kwenye lori la mchanga, na juu yake kaweka stuli ya kukanyagia unapopanda kitandani, kwa sababu alisoma habari za mgongo wako akasikitika. Saa hizi anapiga randa sakafuni, magoti chini, na hiyo randa yenyewe kaiazima kwa jirani aliyempa.

Si hilo tu. Kaka Mkubwa alikuja na pikapu kufuata cherehani. Akaambiwa Bibi kakichukua. Akauliza Bibi anakaa wapi. Mimi nikajifanya njia siijui vizuri. Mume wangu akamchorea ramani, mpaka na kisima akakiweka. Jumamosi yuko kwako.

Maktaba wametuma mtu. Nimemwonyesha fremu, akazipapasa, akasifu. Nikaogopa mume wangu asije akamwambia achukue moja, nikamkanyaga mguu. Mtu wa maktaba atarudi mwisho wa mwezi, na akikuta fremu bado ziko uchi hatatusikiliza tena.

Nampenda huyu mtu, Bibi. Ndiyo shida yangu. Mkono unaonipa mimi vitu vizuri kila siku ndio huohuo unaowapa watu vitu vyangu. Sitaki ukatwe. Nataka tu kuwe na kitu cha kuushika kidogo. Ule mkataba bado uko kwa wakili, kurasa zote zimepigwa chapa, mahali pa jina lako pako wazi.

Mjukuu wako


11 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua hii anayo Babu yako mfukoni, na nimemwamuru akupe baada ya mambo kuisha, si kabla. Kwa hiyo unapoisoma kila kitu kimeshatokea, kibaya au kizuri. Nakueleza ili ujue ni mimi niliyepanga.

Kaka Mkubwa alikuja. Mtu mnene, mpole, kaniletea sukari. Nilimkalisha kwenye benchi la mdogo wake. Akasema amekuja kuomba cherehani. Nikamwambia sitoi. Akakaa. Nikaendelea kujaza mto wangu, yeye yupo tu, ananitazama. Nikaona anangoja maneno mengine. Nikamwuliza unangoja nini. Akasema, "Kumbe ndiyo imeisha, Bibi?" Nikamwambia imeisha. Akacheka, akaomba maji, wala hakuchukia.

Basi nikamsema. Huoni haya, mtu mzima, kumvua mdogo wako mpaka mlango wa jikoni? Maana mlango anao yeye, nimemuuliza. Akajibu neno ambalo sijalala vizuri tangu nilisikie. Alisema, "Bibi, mtu akinikatalia najua nimefika ukutani, narudi. Kwa mdogo wangu hakuna ukuta. Natembea tu, nakuja kushtuka niko barabarani na mlango kichwani."

Mimi karatasi yenu niliiona kisu. Huyu mnene kanionyesha kwamba mnajenga ukuta, tena mumeo ndiye anayeomba ajengewe. Sijasema nilikosea. Nasema habari zilinifikia nusu.

Lakini karatasi haina mdomo. Siku wakili yuko kwake, mkataba uko kabatini, na mtu kasimama mlangoni anaomba, nani atasema? Kwa hiyo nimefanya hivi. Leo nimemwita Kaka Mkubwa arudi, na cherehani tumekipakia kwenye pikapu yake. Babu yako kapanda naye. Nimemwambia Kaka Mkubwa, ukifika, kabla hujashusha, muombe mdogo wako kwa mara ya mwisho, kama ulivyozoea, usimlegezee. Akikataa kwa mdomo wake mwenyewe, mimi nakuja kusaini. Akisema chukua, wewe ondoka na cherehani, na Babu ataondoka na mjukuu wangu.

Benchi limebaki kwangu. Hilo lina kesi yake.

Bibi yako


13 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hiyo moja ni yangu, moja ya mume wangu, na moja ya Kaka Mkubwa ambaye bado yuko hapa anakunywa chai.

Nilitaka kukuchukia kwa mpango wako, nimeshindwa kwa kucheka. Ngoja nikueleze, kwa sababu Babu hatakueleza.

Pikapu ilisimama mbele ya karakana. Nikaona blanketi letu, nikajua ni cherehani, nikakimbia. Babu akanishika mkono. Nikashangaa Babu ana nguvu hizo. Mume wangu alikuwa sakafuni na randa. Akainuka, magoti meupe kwa vumbi, akaanza kutabasamu lile tabasamu lake la kukaribisha wageni.

Kaka Mkubwa akaegemea gari, akasema, "Mdogo wangu, kimeshalala kwenye gari langu. Kukishusha ni taabu bure. Niende nacho?"

Jasho likaanza kumtoka mume wangu kwenye mdomo wa juu. Akachukua kipande cha mbao akakipulizia vumbi. Akakigeuza akakipulizia upande wa pili. Jirani wa mkaa akaacha kupima. Mimi nikaona mdomo wake unajikunja ule mkunjo wa "chu", naujua kama ninavyojua pindo la nguo.

Halafu akatazama zile fremu ukutani. Akanitazama vidole, vile vitambaa nilivyofunga. Akasema, "Kaka, hapana."

Kaka Mkubwa akauliza, "Nani kasema?"

"Mimi. Ni cha mke wangu. Sikuwa na ruhusa ya kumpa hata Babu."

Akakaa chini palepale, juu ya mbao, akaomba maji, akayanywa yote. Kaka Mkubwa akamwangalia, akapandisha mikono ya shati, akasema, "Basi njoo ushike huku, kizito." Wakakishusha wao wawili. Ndipo Babu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikombe cha chuma cha cherehani, kile kinachoshika bobini ya uzi wa chini, akanipa. Kumbe ulikifungua. Kaka Mkubwa angeondoka na cherehani, kisingeshona hata leso. Bibi, wewe ni mtu hatari.

Kabla hujajivunia sana, jua kwamba baada ya muda mume wangu aliingiwa na huruma akataka kumpa kaka yake patasi ya kumfutia machozi. Nilimvuta shati. Kaka Mkubwa mwenyewe akasema, "Acha, mdogo wangu, leo tusiharibu." Tumekubaliana atakuja jioni kushona mabegi yake hapahapa, kwa zamu, mimi nikimruhusu. Mlango wa jikoni ataurudisha. Kasema ulikuwa unamwumiza kichwa tangu zamani, hauenei kwake.

Nimeanza viti. Cherehani kinakimbia kama kilikuwa likizo. Vikienda hivi, siku mtu wa maktaba atakapokuja atapata pa kukaa.

Mume wangu ameniomba nikufungie karatasi yake. Kaiandika mara nyingi, hii ndiyo ya mwisho: "Bibi, shikamoo. Benchi langu nalihitaji. Stuli ubaki nayo, hiyo nilikupa kwa moyo. Benchi naomba ulirudishe. Nimefuta naomba. Ulirudishe."

Wakili anatungoja Jumatano ya mwisho wa mwezi. Timiza neno lako.

Mjukuu wako, mwenye cherehani


6 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba zote, na mgawie Kaka Mkubwa yake. Tumefika salama. Mgongo ulilalamika njiani, lakini kile kiti cha maktaba ulichonikalisha kabla hakijachukuliwa kiliutuliza, nilizama mpaka nikasahau nilikuja kwa kazi gani. Mshono wa mgongoni umenyooka. Sijui nani alikufundisha. Namjua.

Sahihi yangu umeiona, kubwa kuliko zote pale. Wakili alinisomea kila kifungu na mimi nikamrudisha kwenye kile cha makochi mpaka nikaridhika. Mbao zake, kitambaa chako, vikishashikana ni vya wote wawili na hakuna wa kutoa peke yake. Mkiachana, cherehani kwako, benchi kwake, karakana mnagawana. Pale nilitaka kununa. Nikamtazama mumeo, anasoma kifungu hicho huku kakushika mkono mezani, bila haya, mbele ya wazee. Nikaona wenye kuachana hawasomi hivyo.

Sasa nikupe ambalo hulijui. Ninyi mlipomtoa nje Kaka Mkubwa, aliyekuwa anasifia saa ya ukutani ya wakili, Babu yako alibaki ameketi. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akamwuliza yule mama, "Na sisi tunaweza?"

Nilidhani kapatwa na homa. Wakili akasema mnaweza, baba, ndoa haizeeki kwa hilo, ungependa nini kiandikwe? Babu yako akajibu bila kufikiri, yaani alikuwa kashafikiri tangu zamani. Kasema anataka kiti cha dirishani. Nikamwambia kiti gani, kile ninachokalia mimi? Kasema ndicho. Asubuhi tu, jua linapoingia. Na redio iwe upande wake.

Maisha yangu yote na mtu huyu. Nilikaa kile kiti siku tulipokinunua na hakusema kitu, nami nikajua hakitaki. Kumbe na mimi nina Chukua wangu ndani ya nyumba, wa kwangu ni wa kimyakimya. Sijasema nilikosea. Nimehamia kiti cha pili, basi. Yeye anakaa pale asubuhi na redio yake, anatikisa mguu, na juzi kaniimbia. Nilijifanya sisikii ili asiache.

Wakili wetu atatuandikia. Shahidi wangu ni wewe, kwa hiyo lete jina lako na kalamu nzuri. Shahidi wa Babu anataka awe seremala. Nimekubali, maana sasa huyo mtu ana mdomo.

Na nimesikia maktaba wameviona viti, wamewapa na kazi ya ukumbi. Huna haja ya kuniambia, muuza vitambaa kakutangulia. Alitangaza mbele ya wateja wangu walewale. Safari hii nilimwongezea na chai.

Jumapili njooni na pikapu mchukue benchi. Nimelifuta vumbi, na juu yake sijaacha hata sindano yangu. Mumeo akifika mlangoni, kabla hajakaribishwa, nitamwomba shati alilovaa. Nitamwomba kwa upole, nitashika mgongo, na Babu yako nimemwambia aweke uso wa huzuni. Anza kumfundisha leo. Asinipe.

Mke mwenzako